Shaquille O'Neal au Nikola Jokić: ungejenga timu juu ya nani?

Kwenye fainali za NBA (ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani) za 2000 dhidi ya Indiana Pacers, O'Neal alikuwa na wastani wa pointi 38 kwa mechi. Akipokea mpira huku ameligeuzia goli mgongo, bega moja linamsukuma beki, anageuka, anadanki (anaruka na kuusukumiza mpira ndani ya kikapu kwa mkono). Dawa pekee ilikuwa kumchezea faulo makusudi: mechi ya pili alirusha mitupo huru 39, akafunga 18 tu. Na bado timu yake, Lakers, ilishinda!

Jokić haruki sana wala hatishi kwa misuli. Timu yake, Denver Nuggets, ilimchagua wa 41 mwaka 2014, timu za NBA zilipokuwa zikigawana wachezaji wapya kwa zamu. Yeye husimama karibu na mstari wa mitupo huru, mpira ameuinua juu ya kichwa, akimsubiri mwenzake achomoke kwenda golini. Katika mtoano wa 2023 aliongoza kwa jumla ya pointi, ribaundi (kudaka mipira iliyokosa kikapu) na asisti (pasi za kufungia), jambo ambalo halijawahi kufanywa na mtu mwingine, na ubingwa akabeba.

Mimi namchukua Jokić. Dakika za mwisho unamwachia mpira bila wasiwasi, na wenzake wote wanang'aa. Ila kwa fainali moja tu, nipeni O'Neal wa 2000.