Kambi ya macho ya Likoni: upasuaji safi, mengine bado

Naandika kwa wenye mzee nyumbani anayesema "aa, haya ni macho ya uzee tu." Shangazi yangu wa Mtongwe aliimba wimbo huo hadi mtoto wa jicho akamziba macho yote mawili, la kulia likiwa baya zaidi. Kazi yake ni kushona kofia za mkono, zile za vitobo vidogovidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja baada ya kingine. Kazi ikasimama, na pesa nayo.

Kambi huendeshwa na hospitali moja ya macho ambayo siitaji, maana nina sifa na nina malalamiko. Upimaji ni shuleni upande wa Likoni, bure. Wanaohitaji upasuaji hubebwa kwa basi hadi kisiwani Mombasa, ng'ambo ya kivuko. Habari tulizipata kwa mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaani, mmoja wa wale waliogawiwa mikoba ya vifaa na serikali mwaka 2023. Mama huyo ndiye sababu ya mimi kutoa nyota nne badala ya mbili.

Kupimwa hakuhitaji kujua kusoma. Unaonyeshwa herufi E iliyogeuzwa huku na kule, nawe unaelekeza vidole upande inakotazama. Kisha tochi, kisha presha ya macho, ambayo usikubali kurukwa: ikiwa juu huua mshipa wa fahamu wa jicho kimyakimya, na kilichokwisha kuharibika hakirudi hata kwa upasuaji. Walimpima pia sukari na presha ya damu. Presha ilikuwa juu, akaahirishwa hadi itulie kwa dawa. Alinuna, lakini hapo mimi niko upande wa daktari.

Tulipofika hospitali tuliulizwa habari za SHA, hii bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Kambi haikututoza kitu, ila wanataka uwe umesajiliwa. Kujisajili kwa *147# peke yake hakutoshi kwa asiyeajiriwa. Lazima apitie na maswali ya hali ya nyumba, ndiyo yanayoamua atachangia kiasi gani, na hakishuki chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Yamalizeni hayo nyumbani, yasije yakawakalisha kwenye benchi kama sisi.

Sasa lililonikera. Fomu ya idhini ilikuwa ya Kiingereza kitupu. Karani akamshika shangazi kidole, akakichovya wino, akakibandika, akaita mwingine. Shangazi akaniuliza, "Mwanangu, hapa nimekubali nini?" Kabla sijajibu, mhamasishaji alikwisha inuka. "Samahani dada, huyu mama hajaelezwa. Mwite sista amsomee kwa Kiswahili, sisi twangoja." Karani akasema foleni ni ndefu. "Foleni twaiona. Mama naye ana jicho lake." Sista akaja, akakaa chini, akaeleza vizuri sana: jicho litatiwa ganzi, mgonjwa hatalala, lenzi iliyochafuka itatolewa na kuwekwa ya plastiki, na hatari ni hizi na hizi. Waliokuwa kwenye benchi wote wakasogea kusikiliza, kumbe nao walikuwa wametia dole bila kujua.

Upasuaji wenyewe sina neno. Ulikwisha upesi kuliko kungoja kwake, na hakuumia. Kesho yake bandeji ikatolewa, akamwangalia daktari na kumwambia shati lake halijapigwa pasi. Nyumbani akazitoa kofia zake za mwisho, akacheka hadi akakaa chini: uzi mweupe na uzi wa rangi ya maziwa vimechanganywa kofia nzima. Mtoto wa jicho hutia kila kitu umanjano, kwa hivyo kwake zilikuwa rangi moja.

Jambo ambalo hakuna aliyetuuliza ni kazi yake. Lenzi ya kawaida huwekwa ya kuona mbali. Feri anaiona tangu ingali ng'ambo, tundu la sindano halioni mpaka avae miwani ya karibu. Si kosa la upasuaji, ndivyo lenzi hiyo ilivyo, lakini fundi wa sindano alistahili kuambiwa mapema. Mhamasishaji ndiye aliyelipeleka jambo hilo siku ya marudio, akapimiwa miwani. Nenda ukiwa umeshajua la kusema: mgonjwa anafanya kazi gani, anatumia dawa gani, na nani atamtia matone nyumbani, maana ni ya wiki kadhaa na kuyaruka ni kukaribisha uchafu ndani ya jicho.

Na basi ni la kwenda tu! Wazee wenye jicho moja limefunikwa wanaachiwa kivuko wavuke wenyewe, katikati ya msukumano wa jioni. Tuliwashika mikono wawili wasiokuwa wetu. Hili nimewaandikia, bado hawajajibu.

Jicho la kushoto litafanywa pale pale. Ila kambi ni ya magonjwa yanayoweza kungoja. Jicho likiwa jekundu na linauma, au ukiona vimulimuli na kama pazia linashuka, usisubiri basi la mtu, nenda hospitali siku hiyo hiyo.