Uzoefu wangu: kwaya ya Hungaria katika kanisa la Norwich

Kwaya hupimwa pale inapoimba bila kinanda, taratibu na kwa sauti ya chini, kwa kuwa hapo ndipo wengi wetu hushuka chini ya sauti sahihi ya wimbo bila kujua. Kwaya ya wageni kutoka Hungaria niliyoisikiliza katika kanisa moja la kale hapa Norwich, Uingereza, haikushuka hata kidogo, na kwa sababu hiyo ninaipendekeza kwa moyo wote kwa kila mwanakwaya aishiye Ulaya.

Kiini cha tamasha kilikuwa Missa Brevis (yaani "misa fupi") ya mtunzi wa Hungaria Zoltán Kodály (1882–1967). Misa hiyo aliitunga kwanza kwa ajili ya kinanda peke yake, akaipanga kwa sauti za kwaya mwaka 1944, na ikaimbwa mara ya kwanza Februari 1945, Budapest ikiwa imezingirwa na vita, katika chumba cha kuwekea makoti cha jumba la opera. Anayelijua jambo hilo hawezi kuisikia "Bwana, utuhurumie" kama desturi tu ya ibada. Katika "Kristo, utuhurumie" soprano tatu (sauti za juu za kike) zilipanda juu sana bila kukaza koo, na mwishoni, katika Mwanakondoo wa Mungu, ombi la amani liliporudi kwa muziki ule ule wa ombi la huruma, niliona kwamba tangu mwanzo mtunzi alikuwa akiomba kitu kimoja.

Waliimba pia, bila kinanda, utunzi wake wa mwaka 1934 juu ya Yesu kuwafukuza wafanyabiashara hekaluni. Sauti zilifukuzana kwa kasi, na bado kila neno lilisikika.

Hata hivyo, kilichonigusa zaidi ni wimbo mfupi wa jioni, ambao Kodály aliupanga kutoka wimbo wa wanakijiji. Msafiri amekutwa na usiku kando ya msitu, ameweka koti chini ya kichwa, anamwomba Mungu malazi kwa kuwa amechoka kutangatanga na kuishi nchi ya ugeni. Sisi tulio mbali na kwetu hatuhitaji kufafanuliwa ombi hilo. Soprano ziliubeba wimbo huku sauti nyingine zikivuma chini yake, nami nililia waziwazi.

Usafi huo wa sauti naamini unatokana na malezi. Kodály alivutiwa na namna Waingereza walivyofundisha kuimba kwa solfa ya mwalimu Mwingereza John Curwen, yaani kuimba kwa silabi do, re, mi, na mfumo huo, pamoja na ishara zake za mikono, ukaingizwa katika mafundisho ya muziki Hungaria. Curwen naye alikuwa amejenga juu ya kazi ya Sarah Glover, mwalimu wa papa hapa Norwich. Ni solfa hiyo hiyo waliyotuletea wamisionari Afrika Mashariki, ambayo walimu wetu wa kwaya huiandika ubaoni hadi leo: d, r, m. Chombo tunacho, ila mara nyingi tukishakariri wimbo tunakiweka kando na kuegemea kinanda cha umeme, na tofauti inasikika. Mwongozaji wao alichukua sauti kwenye uma mdogo wa chuma wa kupimia sauti, akawapa, wakaanza.

Kasoro ipo, nayo ni ya waandaaji. Karatasi ya ratiba ilikuwa na majina ya nyimbo tu, bila maana ya maneno ya Kihungaria, hivyo jirani zangu waliupokea wimbo wa msafiri kama utamu mtupu. Makofi yaliyopigwa katikati ya misa nayo yangezuiwa kwa tangazo fupi.

Kuingia kulikuwa bure, na mchango ulikusanywa mlangoni. Ukienda, tafuta tafsiri ya maneno mapema, kisha ukae safu za katikati, kwa sababu mbele utasikia sauti iliyo karibu nawe kuliko nyingine, na nyuma ya nguzo besi hupotea kabisa.