Maharage na viazi vya mama ntilie wa Buguruni, buku mbili inayokushibisha kweli

Kama uko mitaa ya Buguruni, Dar es Salaam, mchana na njaa imebana, usikimbilie chipsi kwanza. Karibu na soko kuna mama ntilie anapika maharage ambayo mimi naona ndo msosi bora wa buku mbili kwa mtu anayeshinda kasimama kazini, na siyo kwa sababu ya utamu tu.

Maharage yake yanalala kwenye maji usiku kucha alafu yale maji anayamwaga, nilimuuliza kwanini akanijibu "mwanangu, hayo ndo yanajaza watu gesi". Yanachemka kwenye mkaa mpaka ukibonyeza punje kwa vidole inalainika yote ila ganda halijatoka, ndo anaunga kitunguu, nyanya na karoti, tui linaingia mwishoni kabisa. Na hili la kuchemsha sana watu walizingatie jamani, maharage hasa yale mekundu yasipoiva yana sumu yake ya asili, inatapisha na kusokota tumbo vibaya, inaondoka kwa moto wa kuchemka kweli, siyo uvuguvugu.

Sasa kilichonifanya niandike ni hivi, huyu mama ukitaka anakuwekea viazi mviringo vya kuchemsha badala ya wali. Watu wengi wanabishana kipi bora kati ya maharage na viazi. Kwa protini hakuna ubishi, gramu 100 za maharage yaliyoiva zina kama gramu 8 au 9, kiazi cha kuchemsha uzito huohuo hakifikishi hata 2. Nyuzinyuzi maharage yanapita gramu 6, kiazi kinacheza kwenye 2, na madini ya chuma pia maharage yako mbele. Lakini kiazi kina vitamini C ambayo maharage makavu karibu hayana kabisa, na hiyo vitamini C ndo inausaidia mwili kufyonza chuma cha maharage, kwaiyo vikikaa sahani moja vinabebana, alafu kachumbari ya ndimu ikija juu ndo unapata zaidi.

Tena kiazi chenyewe hakinenepeshi kama watu wanavyokisema, cha kuchemsha gramu 100 ni kama kalori 87 tu, kikishakua chipsi zinafika 300 hivi, hayo ni mafuta yaliyoingia na maji yaliyotoka. Inaniuma kuona watoto wa shule wanakula chipsi kavu kila siku na maharage yapo hapohapo kwa hela ileile.

Kasoro zipo. Chumvi inazidi siku nyingine, na chai ya rangi inaletwa pamoja na chakula, wakati majani ya chai yanazuia mwili kuchukua kile chuma, bora unywe baadae, hasa dada zangu wajawazito na wale wenye damu pungufu. Sehemu ya kukaa ni finyu na jua linapiga.

Huduma safi, maji ya kunawa ya moto na sabuni yapo. Wahi kabla ya saa nane maana viazi ndo vinaisha kwanza, mwambie akuwekee nusu viazi nusu wali, maharage yawe mengi, bei haibadiliki.