TAHADHARI: Anayetangaza Ferrari 612 ya “mmiliki mmoja” ndiye aliyenipiga kwenye Maserati

Wakuu, ile Maserati GranTurismo S niliyowasumbua nayo hadi mkanichoka, nimeipata. Na nimepigwa.

Siku ya kukagua nilikuta gari limetolewa nje, pua imetazama barabarani, injini inanguruma. “Naipasha moto, kaka,” muuzaji akaniambia. “Gari la hivi huwezi kuwasha ukaondoka hapohapo.” Nikasema moyoni, huyu anajua gari. Akafungua boneti nikaiona V8 ya lita 4.7, zile zilizoundwa na Ferrari kule Maranello, safi hata vumbi hakuna. Akaingia ndani, akabonyeza kitufe cha Sport, vali za ekzosi zikafunguka. Ule mlio! Jamaa alikuwa ananitazama uso tu, anatabasamu. Likitabasamu vile tena mbele yangu sijui nitalifanya nini.

Sasa msianze na “kwa nini ulimwamini”. Gari hili lenye giaboksi ya MC Shift (halina pedali ya klachi, kompyuta ndiyo inaibonyeza) lina klachi moja inayosukumwa na haidroliki, na kila anayelitafuta huuliza klachi imelika asilimia ngapi. Mimi sikuwahi hata kuuliza. Alinitolea mwenyewe karatasi ya kipimo, imekunjwa vizuri ndani ya kitabu cha sevisi, asilimia 18. Kitabu kina mihuri kila ukurasa. Na bei alikataa kushusha hata kidogo! Tapeli gani anakataa kushusha bei?

Kesho yake asubuhi nikaliwasha likiwa la baridi. Kwa sekunde chache injini ikalia kama misumari ndani ya kopo, kisha kimya. Fundi wangu hakuhitaji hata kuinama: “Hizo variata,” yaani zile gia zinazobadili muda wa vali kufunguka. Akachomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, klachi imebaki jina. Ndipo akaniambia nisome namba ya chesisi iliyo chini ya kioo cha mbele, yeye akisoma ya kwenye kitabu. Tarakimu mbili za mwisho hazifanani. Kitabu ni halali kabisa, mihuri ni halali, ila ni cha gari jingine!

Nikampigia. “Ulikagua, ukaridhika, ukasaini.” Akanibloku.

Mtu huyu afungwe. Siyo kulipa faini, afungwe, na anyang'anywe kila kitu alichonunua kwa pesa za watu. Picha ninazo, sauti zake ninazo, polisi nimeshakwenda. Na sasa ametangaza 612 Scaglietti, V12, yenye giaboksi ya F1 (nayo ya klachi moja isiyo na pedali), kwa maneno yaleyale: mmiliki mmoja, kitabu kamili, karatasi ya klachi ipo. Mkienda kwake shikeni boneti kama ina moto, maana injini iliyopashwa huficha ule mlio wa misumari. Mwambieni arudi rivasi kwenye mlima, kwangu hakurudi nyuma hata hatua moja, na nimeambiwa klachi iliyoisha huumbuka hapo. Siku ya kukagua fundi wangu alikataliwa kuchomeka mashine, eti “itachanganya kompyuta”. Kama kuna mengine fundi atayajua, mimi nina hasira.

Na wewe mwenye GranTurismo S ya 2009 ambayo kitabu chake cha sevisi kimepotea, nitafute inboksi. Kitabu chako ninacho mimi, na polisi wanataka kujua kilikutoka vipi.