Fundo la Uzi na Mkono wa Kushoto: Vifo Viwili Ndani ya Crime and Punishment

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Leo Mbeya ni baridi ile ya mwezi wa saba, mlima Loleza umefunikwa na ukungu, na mkononi nina kitabu hiki: Crime and Punishment cha Mrusi Fyodor Dostoevsky, kilichotoka mwaka 1866. Nakala yangu ni tafsiri ya Kiingereza, mtumba wa soko la Mwanjelwa. Karatasi bado nzuri, ila herufi ni ndogo, usiisome kwa tochi ya simu. Majina ya Kirusi yatakusumbua mwanzoni, halafu utayazoea.

Hadithi nzima siisimulii. Nataka tuwatazame wanawake wawili waliouawa na Raskolnikov, kijana aliyeacha chuo kwa ufukara.

Wa kwanza ni Alyona Ivanovna, bibi mkopeshaji. Unaweka bondi saa yako, riba ni asilimia 10 kwa mwezi, tena anaikata mapema. Sisi tungesema kausha damu. Kijana anampelekea kipande cha ubao na chuma, amekifunga kana kwamba ni kasha la fedha la sigara, na uzi ameukaza kwa makusudi. Bibi anageukia dirishani apate mwanga, anahangaika na fundo. Shoka linampata hapo, amempa muuaji mgongo. Anatoa kilio hafifu, anaporomoka, mikono inakwenda kichwani, na mmoja bado umeshika ile bondi ya uongo. Kifo hakukiona. Alikuwa anafungua fundo.

Wa pili ni Lizaveta, mdogo wake kwa baba. Ana miaka 35, mrefu wa umbo, mpole, na maisha yake yote katumikishwa na dada yake na kupigwa juu. Huyu hakuwemo kwenye mpango kabisa. Anaingia na furushi lake, mlango uko wazi, dada yuko sakafuni, na Raskolnikov anatoka chumbani. Lizaveta anarudi nyuma hadi pembeni, midomo inamcheza kama ya mtoto anayetaka kulia, sauti haitoki. Shoka liko juu yake, na hata uso hakuukinga. Aliinua tu mkono wa kushoto, polepole, akaunyoosha mbele kama anayemsogeza mtu.

Hapo nilifunga kitabu, nikakaa.

Wahenga walisema kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana. Rafiki yangu wa Uyole alinitajia methali hiyo nilipomsimulia, na mimi nikakataa, ninakataa hadi leo. Ule haukuwa uungwana. Mtu aliyepigwa miaka yote anafika mahali anasahau kwamba uso ni wake, ana haki ya kuukinga. Dostoevsky mwenyewe anasema Lizaveta alikuwa amekandamizwa na kutiwa hofu kiasi hicho. Wasomaji wengi hubishana kuhusu bibi, kama alistahili au la. Mimi naona kitabu kimesimama juu ya Lizaveta, kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyemtazama muuaji machoni.

Ukikipata, soma sehemu ya kwanza, sura ya 7. Kisha subiri hadi sehemu ya tano, sura ya 4, Raskolnikov anapoungama kwa Sonya, rafiki wa Lizaveta. Tazama Sonya anafanya nini kwa mkono wake wa kushoto.