UNI-T UT210E: mita ndogo ya kubana kwa hitilafu za umeme za kiyoyozi

Wenye viyoyozi Dar es Salaam wanalijua jibu hata kabla fundi hajavua kofia ya pikipiki: gesi imeisha. Wakati mwingine ni kweli, lakini si mara chache kinachoitwa upungufu wa gesi huwa ni hitilafu ya umeme, ambayo ingebainika kwa vipimo viwili vitatu kabla mtungi haujafunguliwa. Kwa kazi hiyo natumia UNI-T UT210E, mita ya kubana (hupima mkondo kwa kuuzunguka waya kwa taya, bila kuukata) inayotosha mfukoni, na hapa naizungumzia kama ilivyofanya kazi kwenye kiyoyozi cha kawaida cha BTU 12,000, kisicho cha inveta (yaani kompresa yake haibadilishi kasi), kwenye umeme wetu wa volti 230.

Taya zake hubana kitu chenye upana usiozidi milimita 17. Huo huonekana kuwa udogo hadi pale unapoingiza mkono kwenye kisanduku cha nyaya cha mashine ya nje, mahali ambapo mita kubwa za kubana hazina hata nafasi ya kugeukia. Unabana waya mmoja tu, wa moto au wa nyutro. Ukibana kebo nzima mita husoma sifuri, kwa kuwa mkondo unaokwenda na unaorudi hufutana. Kompresa ikiwa inafanya kazi, chumba hakipoi, na mita inaonyesha ampea pungufu sana ya zile zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mashine, madai ya gesi yana msingi. Lakini kompresa ikinguruma bila kuwaka, namba ikapanda mara kadhaa ya ile ya kibandiko, kisha ikaanguka baada ya sekunde chache kwa sababu ovalodi, swichi inayoikinga kompresa, imekata, usikubali kuuziwa gesi: tatizo liko kwenye kapasita inayoisaidia kompresa kuwaka, au umeme ni mdogo, au kompresa yenyewe imekwama.

Uwezo wa kupima kapasita ndio ulionishawishi zaidi. Kapasita ya kompresa iliyoandikwa mikrofaradi 35 na ±5% inapaswa kusoma kati ya 33.25 na 36.75. Niliyoitoa kwenye mashine ya sebuleni haikuwa imevimba wala kuvuja mafuta, na kwa macho ungeapa kuwa ni nzima. Mita ilisoma 21. Ilipofungwa mpya, kompresa iliwaka mara moja, na gesi haikuguswa. Kabla ya kupima, lazima uzime swichi kuu, uondoe chaji kwa kuunganisha ncha za kapasita kupitia balbu ya zamani ya waya, kisha uchomoe nyaya zake, kwani kapasita yenye chaji humpiga mtu vibaya na huweza kuiharibu mita.

Volti hupimwa kwa nyaya mbili za kawaida, na hapo mita hii haina la ajabu, ila inafaa kupima mahali pawili kompresa ikiwa inafanya kazi. Ukipata 228 kwenye swichi kuu na 200 kwenye viunganishi vya mashine ya nje, volti hizo zinapotea njiani, aidha kwa waya mwembamba uliovutwa mbali, aidha kwa kiunganishi kilicholegea na kuungua. Kwa nyumba zilizo karibu na bahari ningeanza na viunganishi, kwa sababu chumvi ya hewani huvila kimyakimya.

Kuna matumizi mengine ambayo kijitabu chake hakiyapi uzito unaostahili. Mita ina kiwango cha ampea 2 kinachoonyesha hadi miliampea 1, kwa hiyo ule ubanaji wa waya wa moto na wa nyutro kwa pamoja, ambao kwa kawaida hauna maana, hugeuka kuwa njia ya kutafuta umeme unaovujia kwenye ethi. Iwapo swichi ya kinga ya miliampea 30 inakata kila kiyoyozi kinapowashwa, na nyaya hizo mbili zikabanwa pamoja zikasoma miliampea 20 na ushee, umeshampata mshukiwa. Hata hivyo, kwa miliampea mbili tatu nisingeiamini. Kazi hiyo ina mita zake maalumu.

Imethibitishwa kwa viwango vya usalama vya CAT III volti 300 na CAT II volti 600, maana yake ni kwamba inafaa kwa nyaya za ndani ya nyumba yenye fezi moja, wala nisingeipeleka kwenye nyaya zinazoingia kwenye mita ya LUKU. Haipimi joto, upungufu unaoudhi kwa kifaa cha kiyoyozi, na kwa koili za kompresa, ambazo upinzani wake ni omu chache tu, napendelea mita kubwa yenye usahihi zaidi. Ukitaka kupima mkondo wa DC, irudishe kwanza kwenye sifuri ikiwa imeelekea upande uleule utakaopimia, la sivyo itakudanganya.

Mwenye kiyoyozi cha inveta hatafaidika nayo sana. Umeme unaotoka kwenye bodi kwenda kwenye kompresa hubadilika kila mara, na kwenye bodi yenyewe kuna kapasita zinazobaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya swichi kuzimwa. Kwenye mashine hizo napima waya unaoingia tu, na kifuniko cha bodi namwachia fundi aliyesomea.