Pedi za Breki kutoka Barabara ya Kirinyaga, Kabla ya Siku ya Mbio

Duka la vipuri lililoniuzia pedi hizi za mbele za Subaru Impreza linastahili sifa, kwa sababu muuzaji alikataa kupokea pesa kabla sijamwonyesha pedi kuukuu, akazipachika juu ya zile mpya bamba kwa bamba hadi matundu yote yakalingana. Kuzifunga nyumbani South B, Nairobi, kulihitaji jeki, stendi imara, spana na klempu ya kurudisha pistoni taratibu, huku nikichungulia kikopo cha mafuta ya breki kisifurike, kwani mafuta hayo hula rangi ya gari. Nilibadilisha mafuta pia, na ningemsihi kila dereva wa mbio afanye hivyo: mafuta mapya ya breki ya daraja la DOT 4 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za selsiasi, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho cha chini hushuka hadi 155, na mafuta yakichemka kanyagio huzama.

Kule mbioni Athi River pedi zilishika vizuri hata baada ya kupata moto. Asubuhi zikiwa baridi hupiga kelele, na vumbi lake huganda kwenye rimu. Pakiti haina maelezo yoyote ya kuzizoesha pedi mpya kwa diski, yaani kufunga breki taratibu mara kadhaa hadi zishikane vizuri, upungufu mkubwa kwa bidhaa ya bei hiyo.